Jukwaa lile lina jina la nani? Maswali yenu kuhusu Kenny Dalglish

Toleo lililopita nilimjibu dada mmoja wa Ubungo aliyeuliza wachezaji gani wakubwa waligeuka makocha wakubwa, nikamtaja Kenny Dalglish kwa mstari mmoja tu nikapita. Basi meseji zimemiminika mpaka nikaamua ukurasa wote leo tumpe Mskochi huyu, maana naona wengi mnalijua jina ila hamjui alifanya nini, na mimi huyu mtu nampenda toka nikiwa mdogo kwahiyo mnivumilie nikirefusha.

*

"Anko shikamoo. Mimi na washkaji huwa tunacheki mechi za Liva kwenye kibanda umiza hapa karibu na soko, kamera ikizunguka Anfield kuna jukwaa limeandikwa Sir Kenny Dalglish Stand. Mshkaji wangu anasema huyo ni tajiri alitoa hela za kujenga, mimi nasema ni kocha wa zamani. Tumewekeana kreti ya soda. Nani ale?" — Kijana wa Majogoo, Tandika

Marahaba mwanangu. Kreti ni yako, ila umepata nusu tu, kabla ya ukocha alikuwa mchezaji na wapo wengi wanaosema hajawahi kutokea bora kuliko yeye kuvaa jezi ya Liverpool. Hakutoa hela ya tofali hata moja. Lile jukwaa lilikuwa linaitwa Centenary Stand, mwaka 2017 klabu ikalibadilisha jina, na sababu yake utaiona huko chini kwenye swali la mama wa Mbagala, usiruke.

Kenny kazaliwa Glasgow tarehe 4 Machi 1951, na familia ikaja kuhamia karibu kabisa na Ibrox, uwanja wa Rangers, na mtoto akawa Rangers damu. Sasa Glasgow ukitaka kuielewa chukua Simba na Yanga, alafu weka na dini ndani yake, Rangers timu ya Waprotestanti na Celtic timu ya Wakatoliki, hapo ndo utajua wale watu hawataniani. Piga picha mtoto kakulia kivuli cha Jangwani, chumbani kabandika mapicha ya Yanga ukuta mzima, alafu jioni moja anagonga hodi mtu kutoka Msimbazi anataka kumsajili. Ndo kilichomkuta Kenny. Msaidizi wa kocha wa Celtic, Sean Fallon, alifika mwenyewe nyumbani kuongea na wazazi, na Kenny akakimbilia chumbani kubandua zile picha za Rangers kabla mgeni hajaziona. Mwaka huo ni 1967, mwaka ambao Celtic walikuwa mabingwa wa Ulaya chini ya Jock Stein, sasa mtoto utakataaje.

Na hawakumpa jezi kesho yake. Walimtoa kwa mkopo kwenye katimu kanaitwa Cumbernauld United, mpira anacheza huku anajifunza ufundi seremala. Hilo napenda vijana mlijue, miaka ile mchezaji alikuwa na randa mkononi mpaka mpira wenyewe umwambie aiweke chini. Akaja kuwa mkubwa Celtic, ubingwa wa ligi mara 4, Kombe la Scotland mara 4, mabao 167 kwenye mashindano yote. Agosti 1977 Liverpool wakamnunua kwa pauni 440,000, rekodi ya Uingereza wakati ule, aje kuvaa namba 7 ya Kevin Keegan aliyekuwa kaenda Hamburg.

*

"Ndugu mwandishi, mimi ni mtu mzima wa Ilala, enzi hizo tulikuwa tunasikia mpira wa Ulaya kwenye redio na kusoma magazeti yanayokuja yamechelewa. Vijana wa sasa wanahesabu mabao tu kwenye simu. Hebu waeleze huyu bwana alikuwa anachezaje." — Mzee wa Bungoni

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli na umenipa nafasi niliyokuwa naitafuta.

Dalglish hakuwa na mbio. Ukimweka kwenye mita 100 na mabeki wengi tu wanamwacha. Alichokuwa nacho ni kwamba alikuwa anaona kabla. Anapokea mpira mgongo kalipa goli, beki yuko nyuma anamsukuma, yeye kashatanua mikono na makalio kamwekea huyo beki kama mlango wa chuma, alafu kwa mguso mmoja mpira ushaenda sehemu ambayo Ian Rush ndo anaanza kukimbilia. Rush kafunga mabao mengi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya Liverpool na sehemu kubwa ya utajiri ule ilianzia miguuni kwa Kenny.

Tafuteni kideo cha bao lake la fainali ya Ulaya 1978, Wembley, na Club Brugge. Graeme Souness, Mskochi mwenzake, anampenyezea pasi nyuma ya mabeki. Kipa wa Brugge anatoka kwa nguvu kuziba. Straika mwingine pale anafumua tu, mpira unamgonga kipa, story imeisha. Kenny anasubiri. Ni nusu sekunde labda, lakini iangalie polepole utaona kabisa anamsubiri kipa alale, na kipa anapoanza kwenda chini ndo anaudokoa mpira juu yake, unaenda taratibu mpaka kwenye kona ya mbali, na yeye ashaanza kukimbia kushangilia, anaruka mabango ya matangazo kuwafuata mashabiki. Bao 1-0, kombe. Mi nimeiangalia sijui mara ngapi na kila mara ile nusu sekunde inanisisimua.

Akaongeza ndoo ya Ulaya 1981 na 1984. Timu ya taifa ya Scotland mechi 102, na hadi leo hakuna Mskochi mwanaume aliyefika huko, mabao 30 sawa na Denis Law. Kwenye ligi kafunga zaidi ya mabao 100 Scotland na zaidi ya 100 tena England. Mwaka 1983 alishika nafasi ya 2 kwenye Ballon d'Or nyuma ya Michel Platini.

*

"Bro naomba ufafanuzi, nasikia jamaa alikuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Inawezekanaje? Anajipanga mwenyewe? Akicheza vibaya nani anamtoa?" — Baba Junior, Tabata

Baba Junior swali lako ndo lenyewe kabisa, maana hiki kitu siku hizi kwenye ligi kubwa hakipo tena.

Kwanza ujue alivyopewa. Tarehe 29 Mei 1985 Liverpool walikuwa Brussels, uwanja wa Heysel, fainali ya Ulaya na Juventus. Kabla ya mechi mashabiki wa Liverpool waliwavamia wenzao, watu wakakimbilia ukutani, ukuta ukaanguka, wakafa watu 39, wengi wao Waitaliano. Kocha Joe Fagan alikuwa ameshaamua kustaafu. Kesho yake tu klabu ikamtambulisha Kenny, miaka 34, bado anacheza, hajawahi kufundisha hata timu ya watoto, na klabu za England zinaenda kufungiwa Ulaya. Hiyo ndo siku yake ya kwanza kazini, haikuwa na keki wala maua.

Sasa fikiria jana mlikuwa mnapanga mstari mmoja mnakula chakula pamoja mnamsema kocha, leo wewe ndo kocha. Alimvua Phil Neal ukapteni akampa Alan Hansen ambaye ni rafiki yake, unaweza kudhani hilo lilivyopokelewa mle ndani. Ila hakujifanya anajua kila kitu. Mzee Bob Paisley, aliyebeba ndoo 3 za Ulaya kama kocha, aliombwa abaki kama mshauri, na kwenye benchi wakabaki wale wazee wa Boot Room, kile chumba kidogo cha kuhifadhia viatu ambacho makocha wa Liverpool walikuwa wanakaa baada ya mechi na kuongea mpira. Ronnie Moran alikuwepo, Roy Evans alikuwepo. Kwahiyo Kenny akiwa uwanjani anacheza, kuna macho mengine kwenye benchi yanayoona asichokiona yeye.

Na kujipanga? Hapa ndo namheshimu. Msimu ule wa 1985-86 alijiweka pembeni kwa muda mrefu, jina kubwa kuliko wote pale klabuni anakaa benchi na Paul Walsh anacheza mbele na Rush, akacheza kama nusu tu ya mechi za ligi. Alirudi mwishoni baada ya Walsh kuumia. Mwezi wa pili Everton walikuja Anfield wakashinda 2-0 na kila mtu akajua ubingwa unakwenda ng'ambo ya pili ya jiji, alafu Liverpool wakaanza kushinda, wakashinda, wakashinda, mpaka tarehe 3 Mei 1986 wakaenda Chelsea wanahitaji ushindi. Jim Beglin akanyanyua mpira kidogo tu kumpa mzee ndani ya boksi. Kenny akautuliza kifuani, haujagusa chini akaupiga voli ya mguu wa kulia, 1-0, ubingwa. Kocha ndo kafunga bao la ubingwa jamani! Wiki moja baadaye wakawapiga Everton 3-1 fainali ya FA, ligi na Kombe la FA kwa msimu mmoja, kitu ambacho Liverpool na makocha wao wote wale hawakuwahi kufanya.

Alafu 1987 Rush akaondoka kwenda Juventus, Kenny akawakusanya John Barnes, Peter Beardsley, John Aldridge na Ray Houghton, na ile timu ya 1987-88 wapo wazee wanaoapa ndo mpira mtamu kuliko wote waliowahi kuuona England, mechi 29 za kwanza za ligi bila kufungwa. Ubingwa tena 1988, tena 1990. Mara ya mwisho kujiingiza uwanjani ni Mei 1990, miaka 39.

*

"Kaka habari za kazi. Mwanangu ana miaka 16, mechi kubwa zote anataka kwenda Uwanja wa Mkapa na wenzake. Baba yake anamwambia habari za Liverpool kwamba watu walikufa uwanjani, mtoto anasema hizo ni hadithi za kutishia. Ni kweli? Na huyo kocha unayempenda anahusikaje?" — Mama wa Mbagala Rangi Tatu

Dada yangu, ni kweli, na hili nitaliandika taratibu.

Tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya FA, Liverpool na Nottingham Forest, mechi inachezwa uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Upande waliopewa Liverpool, Leppings Lane, mageti yalikuwa machache na watu wakajazana nje. Kabla ya saa tisa alasiri polisi wakaamuru geti la kutokea lifunguliwe ili kupunguza msongamano. Watu wakaingia kwa wingi wakafuata njia iliyokuwa wazi mbele yao, na ile njia inaingia kwenye vizimba viwili vya nyuma ya goli ambavyo tayari vilikuwa vimejaa pomoni, na hakuna aliyesimama pale kuwaambia pitieni pembeni huku kuna nafasi. Mbele kuna uzio wa chuma. Wa nyuma hawajui kinachotokea mbele, wanasogea. Wa mbele hawana pa kwenda. Mpira ulisimamishwa saa tisa na dakika sita. Wamekufa watu 97, wengi vijana na watoto, wa mwisho kafariki 2021 kwa majeraha ya siku ile ile.

Mashabiki wakaambiwa walikuwa walevi, wakaambiwa walivunja geti. Gazeti moja la Uingereza, The Sun, likaandika uongo mkubwa juu ya marehemu mpaka leo watu wengi Liverpool hawalinunui. Familia zilipigania ukweli miaka 27, na 2016 baraza la mahakama likasema wale watu waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa.

Na kocha wangu anahusika hivi. Mwanae mwenyewe alikuwa uwanjani siku ile, na mpaka alipomuona ana kwa ana ndo roho ikarudi. Baada ya hapo Anfield ikafunguliwa, uwanja mzima ukajaa maua na skafu, na Kenny na mkewe Marina na wachezaji na wake zao wakawa wanakaa pale na wafiwa, wanapika chai, wanasikiliza. Sisi hapa tunajua msiba ni nini, tunajua kazi ya kukaa na mfiwa ukimya tu bila cha kusema. Kenny akahakikisha kila mazishi anakwenda mtu wa Liverpool. Yeye mwenyewe alikwenda mengi, siku moja alizika mara 4. Mtu wa mpira, miaka 38, hana mafunzo yoyote ya kubeba huzuni ya jiji, na akaibeba. Kati ya hapo bado ana mechi, bado ana ligi, wakachukua FA kwa kuwafunga Everton 3-2, alafu siku 6 baadaye wakanyang'anywa ubingwa na Arsenal dakika za majeruhi, Anfield kwao.

Yeye mwenyewe hakwenda kwa mtu kumwambia nimeelemewa. Mwili ukaanza kusema, vipele vikamtoka, usingizi ukawa shida, nyumbani akawa mkali. Februari 1991, FA, wametoka sare 4-4 na Everton, mara 4 wanaongoza mara 4 wanasawazishiwa, na pale kwenye mstari aliona kabisa anatakiwa kumrudisha mtu nyuma kuzuia na hakuweza kufanya uamuzi. Siku 2 baadaye akajiuzulu, Liverpool wako kileleni mwa ligi. Watu walishangaa sana. Baada ya ubingwa wake wa 1990, Liverpool walikaa miaka 30 bila kuuona mwingine, na siku ulipopatikana 2020 yeye alikuwepo pale jukwaa la Kop wakati wa kukabidhi kombe.

Kwahiyo kijana wa Tandika, jina kwenye jukwaa limetoka hapo. Mabao na ndoo zipo, ila nenda Liverpool muulize mtu yeyote mzima kwa nini wanampenda, atakuanzia kwenye yale mazishi. Na Sir aliyopewa 2018 walitaja mpira, na kazi za hisani, na jiji la Liverpool.

Na kuhusu mwanao dada. Usimkataze, mwache aende, ila mwambie nilichokiona mimi. Nikiwa na umri kama wake nilienda mechi kubwa na binamu yangu, uwanja siutaji, tukafika tumechelewa na geti lililofunguliwa ni moja. Tulianza kwa kucheka, kusukumana, nyimbo. Alafu ghafla nikashangaa miguu yangu haigusi chini. Mikono imebanwa kifuani, nataka kuvuta pumzi kifua hakipanuki, na mbele yangu kuna baba mmoja kambeba mtoto wake mdogo mabegani, mtoto kashika nywele za baba yake kwa mikono yote miwili na hatoi sauti, macho tu. Tulitoka, sijui vipi, kiatu kimoja sina. Mechi yenyewe sikumbuki iliishaje, yule mtoto namkumbuka.

Aende mapema, masaa 2 au 3 kabla ya mechi. Akiona watu wamejaa geti moja arudi nyuma akae pembeni asubiri hata kama mpira umeanza, bao atalirudia kwenye simu. Na kama kabanwa asishindane na wimbi, mikono aiweke kifuani kama bondia apate nafasi ya kupumua na asogee kwa pembeni, sio mbele. Msomee hii.

*

"Mwandishi mbona unampamba sana. Blackburn alichukua ubingwa kwa hela za yule tajiri, ata mimi ningechukua." — Mnyonge wa Mashetani Wekundu, Magomeni

Hela zilikuwepo, sibishi. Jack Walker, mfanyabiashara wa chuma, alimwaga pesa kwenye timu aliyoipenda toka utoto. Ila angalia Kenny alipowakuta, Oktoba 1991, wako daraja la pili, klabu ambayo ubingwa wa mwisho ni 1914. Akawapandisha kwa mechi za mchujo 1992, akamleta Alan Shearer kwa zaidi ya pauni milioni 3, rekodi ya Uingereza, na huyo Shearer ndo huyu ambaye hadi leo hajapitwa mabao Ligi Kuu. Msimu wa kwanza Ligi Kuu nafasi ya 4, wa pili nafasi ya 2, kisha akamwongeza Chris Sutton kwa pauni milioni 5. Wangapi wamepewa hela nyingi kuliko hizo na ndoo hawakuiona?

Siku yenyewe ni 14 Mei 1995 na usingeweza kuitunga. Blackburn wanaenda kumalizia Anfield, kwa Kenny kule kule, Man U ya Alex Ferguson, yaani Fergie, iko West Ham. Shearer anafunga, Barnes, yule yule aliyemsajili yeye, anasawazisha, na dakika za mwisho Jamie Redknapp anapiga friikiki inaingia, 2-1 Liverpool. Benchi la Blackburn limeganda. Sekunde chache baadaye habari inafika kwamba West Ham imeisha 1-1 na Man U hawakupata bao la pili. Pointi 89 kwa 88. Uwanja mzima wa Anfield, wenyeji walioshinda, wanashangilia timu iliyofungwa, kwa sababu ya mtu mmoja. Akawa kocha wa 4 katika historia kuchukua ubingwa wa England na klabu 2 tofauti, wa kabla yake ni Tom Watson, Herbert Chapman na Brian Clough.

*

"Sasa kati yake na Ferguson nani mkali? Alafu mbona 2011 alirudi akaboronga?" — Fundi simu, Kariakoo

Kwa ukocha ni Fergie, ligi 13 za England kwa 4 huwezi kubishana na hesabu. Kwa uchezaji Fergie mwenyewe, aliyekuwa straika wa maana tu Dunfermline na Rangers, asingejiweka karibu na Kenny. Ukichanganya vyote viwili, kucheza na kufundisha, mi nachukua Kenny na sisiti.

Baada ya Blackburn kweli hakuwa yule yule. Newcastle alimaliza nafasi ya 2 mwaka 1997, wakawafunga Barcelona 3-2 usiku ambao Asprilla alipiga 3 peke yake, wakafika fainali ya FA 1998 wakafungwa na Arsenal, na Agosti wakamtimua. Celtic alishika timu nusu msimu 2000 akatoka na Kombe la Ligi.

Ya 2011 aliporudi Liverpool, kuboronga ni neno kubwa. Timu ilikuwa imepasuka, Torres anauzwa pauni milioni 50, akamleta Luis Suárez, akamleta na Andy Carroll kwa 35 na hiyo ya Carroll ilikuwa kosa nakubali. Alichukua Kombe la Ligi 2012 kwa matuta mbele ya Cardiff, ndoo ya kwanza ya Liverpool baada ya miaka 6. Fainali ya FA na Chelsea niliangalia banda moja Manzese, kichwa cha Carroll kipa wao Cech akakitolea kwenye mstari, nusu ya banda tulishasimama tunakumbatiana tukijua imeingia. 2-1. Ligi walimaliza nafasi ya 8 na wakamwachisha. Hakusema neno baya juu ya klabu, mwaka uliofuata karudi kama mkurugenzi.

*

"Kaka mkubwa, mimi ni kiungo na kapteni wa timu yetu ya ndondo hapa Mwananyamala, nina miaka 31. Kocha wetu kahamia mkoani, wenzangu na wazee wa mtaa wananiambia nishike timu na niendelee kucheza. Naogopa. Wewe unamjua huyo Dalglish, ningekuwa yeye ningefanyaje?" — Namba 8

Mdogo wangu nimeiacha yako mwisho makusudi maana ndo iliyonifanya niandike ukurasa mzima.

Shika timu. Kuogopa kwako ni dalili kwamba umeielewa kazi. Lakini leo hii kabla hujawajibu, nenda kwa mzee mmoja wa pale mtaani anayejua mpira na ambaye haogopi kukuambia ukweli, mwombe akae benchi kila mechi, na mkubaliane mbele ya timu nzima kwamba ukiwa uwanjani yeye ndo anafanya sub, na akinyanyua namba yako unatoka bila kunung'unika. Kenny alikuwa na Paisley na Moran, wewe utakuwa na babu wa kijiweni, kazi ni ile ile.

La pili, wale mnaokaa nao maskani. Kuna mmoja utamweka nje na atakununia, labda ndo yule mnayekula naye chipsi kila jioni. Mwambie mwenyewe, mapema, uso kwa uso, sio asikie kwenye grupu la WhatsApp asubuhi ya mechi.

La tatu mechi 2 za kwanza jaribu kukaa nje kabisa, hata kama mguu unawasha. Utaona vitu ambavyo miaka yote ukiwa katikati ya uwanja hujawahi kuviona, nani anakimbia na nani anajificha. Alafu ndo uamue kama timu inamhitaji namba 8 wake.

Na ikitokea siku umesimama pale kwenye mstari, unaona kabisa kinachotakiwa kufanyika na huwezi kukifanya, zungumza na yule mzee siku hiyo hiyo. Kenny alikaa nayo moyoni karibu miaka 2.

Niandikie baada ya mechi ya kwanza uniambie mzee gani umempata.